Nilitamani Uso wa Pacha Wangu

Mimi ni Apio. Kwa wasiojua desturi zetu, ukikutana na Apio ujue kuna Adongo mahali. Apio ni pacha wa kike anayetangulia kutoka, Adongo ni yule anayefuata. Kwa hiyo mimi ndiye mkubwa, ingawa ukubwa wenyewe ni wa dakika chache na haujawahi kunifaa kwa lolote. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona, ili wazazi waliokaa hapa kanisani na watoto wao wapate la kushika. Nitaeleza yote, ya usoni na ya chooni. Lakini siwezi kuanza na ugonjwa, maana kabla ya ugonjwa kulikuwa na wivu, na wivu wangu una umri sawa na mimi.

Tulizaliwa Busia, upande wa Uganda. Baba ni Japadhola wa Nagongera, fundi wa tairi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Mama ni Msamia, ana kibanda cha nguo za mitumba sokoni. Kila mtu humwita Nalongo, kwa sababu mama wa mapacha kwetu hapotezi cheo hicho mpaka anaingia kaburini. Baba naye ni Salongo. Tulipokuwa wadogo tulivishwa magauni yaliyofanana hata vifungo. Ukimpa Adongo kipande cha muwa, unamkatia Apio cha urefu uleule. Hayakuwa mapenzi tu, ulikuwa pia woga. Kwetu inasemwa kwamba mapacha wakibaguliwa huchoma. Yule aliyenyimwa akikaa na uchungu, uchungu huo hutokea kwenye ngozi, yake au ya jamaa yake, madoa na malengelenge, utadhani amemwagiwa maji ya moto. Watu wamesoma, wana vyeti ukutani, lakini waletee mapacha zawadi moja uone kama hawatakurudisha dukani.

Halafu shangazi akamchukua Adongo. Shangazi Nyaketcho ni dada yake baba, ameolewa upande wa Kenya, na Mungu hakumjalia mtoto. Alikuja kuomba mmoja wetu akakae naye. Walimtoa Adongo kwa sababu wiki ile mimi nilikuwa na surua. Basi, hivyo tu. Surua ndiyo iliyoamua nani avuke na nani abaki. "Ni hapo tu ng'ambo," mama aliniambia, na kweli ni karibu, unafika chai yako haijapoa. Lakini ng'ambo ile kulikuwa na mwanamke asiyekuwa na mtoto mwingine wa kumpa mkate, na huku kwetu watoto tulikuwa wanne mezani.

Magauni yaliendelea kununuliwa mawili mawili. Viatu viwili viwili. Ikawa hivyo hadi Adongo alipoingia sekondari ya bweni, shangazi akamnunulia simu ya kugusa kioo, ya kutumia wakati wa likizo. Habari ilifika Nagongera kabla hata ya simu yenyewe kutolewa kwenye boksi. Nyanya, mama yake baba, akampigia baba tukiwa tunakula.

"Salongo, na Apio je?"

"Mama, simu si gauni," baba akasema. "Hii kitu naharibu watoto. Mimi naona pale kwa malori, watoto wanaangalia vitu hata mimi mzee nasikia haya. Kwa nyumba yangu hakuna mtoto atashika simu."

"Mapacha hawanyimwi."

"Nimesema."

Baba alikuwa na haki, leo nakiri. Siku ile nilimchukia kwa roho yangu yote. Nilimwona Adongo ng'ambo amekaa kwenye kiti cha shangazi, kidole kinateleza kwenye kioo, na mimi nimekaa na sahani ya kuosha.

Lakini kuna jambo baba hakuliona, nanyi wazazi mlisikie vizuri. Simu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Ilikuwa ya mama. Mama alikuwa na simu nzuri ya kuonyeshea wateja nguo, na yeye mwenyewe hawezi kuiendesha. Mimi ndiye niliyepiga picha za blauzi, nikaziweka mtandaoni, nikajibu wateja. Baba alisema hakuna mtoto atakayeshika simu, huku simu ya mama iko mapajani mwangu nikimjibu mwanamke wa Malaba aliyetaka sketi ya kiuno kipana. Nyumba ilifungwa mlango wa mbele, wa uani ukabaki wazi.

Katika simu hiyo ndimo nilimomwona Adongo akicheza.

Alikuwa akijirekodi uani kwa shangazi, muziki nyuma, bega moja linazunguka. Alicheza vizuri, sawa. Lakini bega lile nilimfundisha mimi! Watu wasiohesabika waliweka mioyo myekundu chini ya video zake. Watu wa Nairobi. Watu wa Dar. Wakaandika "mrembo", "malkia", "Mungu hakukunyima". Na uso wake ulikuwa mweupe. Si mweupe wa kizungu, la, mweupe wa wale wasichana wa matangazo, laini, bila kipele, bila kovu la tetekuwanga ambalo sote wawili tunalo juu ya nyusi. Nilichukua kioo cha mama cha kibandani, nikakiweka kando ya simu. Sura ni moja. Pua ni moja. Ila yangu ilionekana kama iliyosahauliwa jikoni.

Wateja nao hawakunisaidia.

"Wewe si ndiyo ule ya video?" mwanamke mmoja akaniuliza, huku akijipima koti.

"Hapana. Ule ni pacha yangu."

"Eh! Basi ule ni mweupe. Wewe jua nakula wewe huku." Akacheka, mama naye akacheka kwa sababu muuzaji hucheka na mteja. Mimi nilikunja nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Likizo ikafika, Adongo akapiga simu ya mama. "Apio, si ukuje? Nime-miss huku kucheza na wewe." Nikamwambia nina mtihani. Alipotaka kuja kwetu, mimi nikaomba ruhusa ya kwenda Nagongera kumsaidia nyanya kupalilia mihogo, mimi niliyekuwa nikilia nikitumwa shambani. Sikutaka kusimama kando yake watu watulinganishe. Mwaka ukapita sijamwona pacha wangu kwa macho. Nilimwona kwenye kioo cha simu tu, na kila siku nilimwona.

Chini ya mojawapo ya video zake, mtu aliyejiita Dada Nuru aliandika kwamba ngozi kama hiyo inawezekana kwa kila msichana. Nikamwandikia faraghani. Alijibu kabla sijaweka simu chini. Aliniita mrembo wangu. Akaniuliza nimelalaje, nimekula nini, nani ameniudhi. Ninyi wazazi msicheke. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akiniuliza nimelalaje, waliniuliza kama nimefua. Nilimweleza yote. Nilimweleza hata kwamba yule wa video ni pacha wangu wa kufanana, na kwamba naumia nikimtazama.

"Pole mrembo wangu," akaandika. "Mfano wako ni mzuri sana. Nitakuletea mafuta bure. Wewe nitumie tu picha ya uso wako kila wiki nione maendeleo. Usimwambie mama, watu wa zamani hawaelewi urembo."

Nilituma picha. Makopo yalikuja kwa baiskeli ya boda kutoka ng'ambo, yamefichwa ndani ya furushi la mitumba, na mimi ndiye niliyepokea mafurushi. Kopo lilikuwa dogo, halikuandikwa limetengenezwa wapi wala kwa kitu gani. Mafuta yalikuwa mazito, ya rangi ya jivu, yakinukia sabuni na chuma. Nilijipaka chooni nyuma ya soko, usoni, shingoni na mikononi.

Mwanzoni yalifanya kazi, nisiwadanganye. Ngozi iling'aa. Wasichana shuleni wakaniuliza ninaficha nini. Mama akasema ni ujana, wasichana wakivunja ungo hung'aa. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kufurahi. Nilijiambia, bado kidogo nimfikie, halafu nimpite.

Kisha nikaanza kuwashwa. Jua la saa nne likinipiga, uso ukawa unawaka kama niliyepakwa pilipili. Mashavu yakawa mekundu, yakachubuka, yakatoa maji. Nikiamka asubuhi mto umegandana na shavu. Malengelenge yakapanda hadi kwenye paji la uso, huku vifundo vya vidole vikizidi kuwa vyeusi. Nikamwandikia Dada Nuru. Akanijibu, "Inachubuka? Hongera! Ndiyo inafanya kazi. Usiache sasa, ukiacha utaharibika."

Mama aliponiona akaita watu. Nyanya alifika kutoka Nagongera siku ya pili yake akiwa na kuku kwapani. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Ni mapacha," akasema. "Salongo, si mimi nalikwambia? Umempa moja, umenyima moja. Mtoto nachomeka na uchungu yake mwenyewe. Angalia! Angalia mtoto yako!"

Baba aliangalia. Alikuwa mwanamume pekee mtaani kwetu aliyekuwa amesema hapana, na sasa hapana yake ilikuwa imeota malengelenge usoni mwa binti yake.

Tulipelekwa Nagongera. Wanawake wa ukoo wakaimba nyimbo za mapacha, zile zenye matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji. Wakanyunyiza pombe ya wimbi, wakaniogesha kwa maji ya majani. Mahali pa Adongo waliweka gauni lake, kwa sababu alikuwa shuleni. Kisha nyanya akamwambia baba atoe alichoninyima. Baba akatoa simu, mpya, imo ndani ya boksi, akaninyooshea kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Hivyo ndivyo familia yangu ilivyonitibu: nilichomwa na kitu kilichoingia kwa simu, wakaniongezea simu.

Nilijua kinachonichoma. Kopo lilikuwa kwenye soksi ndani ya begi langu. Nilinyamaza, kwa sababu simu ilikuwa inakuja.

Baada ya siku ile baba hakuniuliza tena habari za simu. Alikuwa ameshindwa mbele ya ukoo mzima, akaona hana tena kauli. Nikawa naingia nayo msalani, naenda nayo kisimani, naitazama darasani chini ya dawati. Adongo alikuwa na video mpya kila likizo, na mimi niliangalia zilezile mpaka muziki wake nikawa nausikia nikiosha vyombo. Dada Nuru alinitumia kopo la pili, kali zaidi.

Sasa nasema ya chooni. Mkojo ulianza kutoa povu. Si povu kidogo, ni povu la sabuni ya kufulia, na unamwaga maji halitoki. Asubuhi macho yalikuwa yamevimba hata siwezi kuyafungua vizuri. Jioni uvimbe ukashuka miguuni. Nikivua soksi, alama ya lastiki inabaki kwenye mguu kama mfereji. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linakaa. Mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu. Vidole vilitetemeka, nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Kisha tumbo likajaa.

Tumbo lilipojaa, mama alifunga mlango wa chumba.

"Nani?" akauliza.

"Nani nini, mama?"

"Usinifanye mjinga. Nani amekupa mimba? Ni ule unaongea na yeye kwa simu?"

Nililia kwa hasira. Alinipeleka kupimwa, kipimo kikasema hakuna mimba, naye akanipimisha tena kwa sababu hakuamini. Soko zima lilikuwa limeshaamini. Nilipita kati ya vibanda wanawake wakinyamaza, na nikawaza kwamba Adongo akipita kwao wanapiga vigelegele. Hata kwa uvimbe ule, jamani, bado nilikuwa nikijilinganisha naye.

Tulipewa dawa za malaria. Tukapewa za taifodi. Siku moja nilikuwa nikitundika makoti kibandani, pumzi ikakataa kushuka, nikaanguka juu ya rundo la nguo. Baba alikuja akikimbia na mikono myeusi ya grisi, akaomba lifti kwa dereva wa lori aliyekuwa akielekea Tororo. Nililazwa hospitalini huko.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Alipima mkojo wangu, akarudi uso umebadilika.

"Figo zake zinavuja," akawaambia wazazi wangu. "Protini yote inatoka na mkojo, ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Zikiendelea hivi, zitachoka."

"Zikichoka, daktari?" mama akauliza.

"Kuna mashine ya kusafisha damu. Kuna kupewa figo ya ndugu. Lakini hayo ni ya mbali na ni magumu, tusifike huko. Nataka nijue kitu gani kinaziharibu." Akanigeukia. "Msichana, kuna dawa nyingine unatumia? Ya miti shamba? Ya kumeza? Ya kupaka?"

"Hapana," nikasema.

Aliuliza mara nyingine, peke yetu, kwa upole. Nikasema hapana. Kopo lilikuwa ndani ya begi chini ya kitanda. Na msishangae: nilikuwa bado najipaka. Nilijikokota mpaka bafu la wodi nikishika ukuta, miguu mizito kama magunia, nikajipaka shingo na mashavu. Adongo alikuwa ameanza likizo na ameweka video mpya. Ningekufa nimempita, hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu.

Sasa sikieni ya Adongo. Siku hizohizo alikuwa kwa shangazi, anazungusha kidole kwenye simu yake, akakutana na tangazo. Picha mbili kando kwa kando. Ya kushoto, imeandikwa "kabla", ni sura yangu, ile picha ya kwanza niliyomtumia Dada Nuru, bila kitambaa kichwani, midomo imekauka. Ya kulia, imeandikwa "baada", ni sura ya Adongo, imekatwa kutoka kwenye video yake. Chini ilisemwa kwamba ni msichana mmoja, kabla na baada ya kopo moja. Sura zetu, kovu letu, nani angebisha? Wasichana walikuwa wamejipanga chini wakiuliza watapataje.

Ndiyo sababu Dada Nuru alisema mfano wangu ni mzuri sana. Alipata mapacha, akafanya biashara.

Adongo hakumaliza hata kufunga viatu vizuri. Alimpigia mama, akaambiwa nipo Tororo, akavuka mpaka na shangazi akimfuata nyuma akiita. Mimi nilikuwa nimelala nikiangalia mlango. Niliona msichana anaingia wodini akitafuta kitanda hadi kitanda. Mweusi kama mimi nilivyokuwa, kipele kidevuni, kovu juu ya nyusi, midomo imekauka kwa safari. Nilidhani naota, najiona mwenyewe wa zamani.

"Apio," akasema, akaanza kulia. Hakunitambua usoni. Alisoma jina kwenye kitanda.

Neno la kwanza nililomwambia pacha wangu baada ya mwaka ni hili: "Mbona wewe ni mweusi?"

Akapangusa pua. "Nimewahi kuwa mweupe lini?"

"Kwenye video."

"Hiyo ni simu, Apio! Ni filta. Unabonyeza tu hapa. Kila mtu hutumia." Akatoa simu yake, akanielekezea usoni, akabonyeza. Uso wangu uliovimba, uliochubuka, ukawa laini na mweupe palepale kwenye kioo. Akabonyeza tena, ukarudi. "Umeona? Ata wewe."

Niliona. Nilikuwa nimemwonea wivu mtu ambaye hayupo. Adongo mwenyewe hakuwa na uso ule. Nilijichubua ngozi, nikazipasua figo zangu, nikimfukuza msichana aliyetengenezwa kwa kubonyeza.

Adongo hakuniuliza ruhusa. Alivuta begi chini ya kitanda, akatoa nguo moja moja mpaka akaipata soksi, akampelekea daktari kopo na lile tangazo. Nilimwita mbea. Nilimwita mwizi. Nilisema ana wivu nami, mimi! Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza shingo.

Daktari alinusa kopo, akalipeleka lipimwe. Majibu yaliporudi alikaa kwenye kitanda changu. "Ni zebaki," akasema. "Inaing'arisha ngozi kwa kuiua. Halafu inapita kwenye damu inakwenda kukaa kwenye figo. Ungeendelea mwezi mwingine, sijui ningekuambia nini."

Mama alishika kichwa. "Na mimi nalimdhani malaya," akasema. Baba alisimama dirishani akitupa mgongo. Alipogeuka, hakunigombeza. Alisema, "Mimi nalitoa simu ili upone. Sikukuuliza hata siku moja unaangalia nini ndani." Nilimwona ni mzee kwa mara ya kwanza.

Kupona kulikuwa polepole na hakukuwa na utukufu. Nilipewa dawa za kutoa maji, nikakojoa mpaka nikachoka kukojoa. Nilipewa vidonge vya kuzituliza figo, vikanipa njaa ya fisi na uso wa mviringo. Chumvi nilikatazwa. Adongo alikaa nami likizo nzima akila samaki wa kukausha mbele yangu, na nilimwonea wivu kwa kila mfupa alioufyonza. Nilimwonea wivu hata akienda chooni na kurudi upesi, mtu asiyepima mkojo kwenye chupa. Ngozi ilikauka, ikatoka maganda, chini yake ikaja nyingine yenye mabaka. Mabaka mengine ninayo hadi leo, mnayaona. Povu lilipungua siku hadi siku. Asubuhi moja niliangalia mkojo wangu, ulikuwa maji ya kawaida ya manjano, nikamwita muuguzi aje autazame kama mtu aliyejifungua.

Nilipopata nguvu, mimi na Adongo tulijirekodi pamoja, bila filta, nyuso zetu mbili, wangu na mabaka yake. Tulisema, sisi ni wawili, picha zile mbili ni watu wawili, mafuta yale ni sumu. Wasichana wengi walituandikia kwamba wametupa makopo. Mmoja kutoka kijiji cha Kwapa alikuja na mama yake mpaka kibandani kwetu, amevimba macho. Tuliwapeleka kwa daktari. Ukurasa wa Dada Nuru ulifungwa, na sitashangaa akiwa ana jina jingine leo. Na ndiyo, hata kwenye video ile watu walimsifu Adongo zaidi, eti ana sauti nzuri. Nilikasirika siku mbili.

Wazazi, nawaomba. Kumnyima mtoto simu hakutoshi, maana simu yenu wenyewe anaishika. Kumpa ili anyamaze ni vibaya zaidi. Kaeni naye, mwulizeni anamtazama nani, na akimtazama huyo anajisikiaje moyoni. Mama sasa amejifunza kuendesha simu yake, na yangu hulala sebuleni juu ya kabati, karibu na sahani za wageni. Mtu asiyemjua mtoto wako akimwambia "usimwambie mama", basi hapo mama ndipo anapotakiwa. Na mtoto akitoka malengelenge, apelekwe hospitali kwanza. Nyimbo za nyanya zinaweza kungoja. Ninyi wenzangu, wekeni uso halisi wa mwenzenu kando ya uso wa kwenye kioo kabla hamjalia. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nawashukuru wazazi wangu, na nyanya pia, kwa kuku wake.

Lipo jambo moja ambalo sikulijua mpaka mama aliponiambia nikiwa nimeshatoka hospitalini. Ile siku niliyomwita Adongo mwizi na mbea, alitoka wodini akamfuata daktari koridoni. Mama alikuwa nyuma yao. Adongo alimwuliza daktari, figo zangu zikikataa, ya kwake itanifaa? Daktari akamwambia, wewe bado mtoto, sheria haikuruhusu, na hatujafika huko. Adongo akasema, "Sawa. Lakini andika kwamba mimi niko."

Nimejiuliza mara nyingi. Angekuwa yeye kitandani, na mimi koridoni nimetukanwa hivyo mbele ya watu, ningesema vile? Sijui. Nadhani ningevuka nirudi nyumbani. Tulilala tumbo moja, tukanyonya titi moja, na moyo ule akaupata yeye. Wivu wa uso wake umeniisha. Wivu wa moyo wake ninao, naamka nao kila siku, na huo siombi niponywe.